Kinshasa: Mashabiki wa mwaka wa 1974 wanazeeka, na kumbukumbu zao pia

Muulize mzee wa Kinshasa aliyepita miaka sabini kama yeye ni mtu wa muziki au mtu wa mpira. Atakuangalia kama umemuuliza achague kati ya fufu na sombe. Kwetu Kongo mambo hayo yanaishi nyumba moja, na nyumba hiyo inajulikana: ni uwanja wa Tata Raphaël, katika komini ya Kalamu, karibu na Matonge.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka wa 1952, wakati wa Wabelgiji, kwa juhudi za padri Raphaël de la Kethulle, yule ambaye vijana wa Léopoldville walimwita Tata Raphaël. Kwanza uliitwa Stade Roi Baudouin. Mwaka wa 1967 Mobutu akaubadilisha jina ukawa Stade du 20 Mai, na baada ya yeye kuanguka mwaka wa 1997 ukapewa jina la padri. Tarehe 4 Januari 1959 maelfu ya mashabiki walitoka humo baada ya mechi wakakutana na wafuasi wa ABAKO waliokuwa wamekatazwa mkutano wao. Mji ukawaka moto. Mwaka mmoja na nusu baadaye tulipata uhuru. Wanaosema mpira ni mchezo tu, huwa nawakumbusha siku hiyo.

Jazi yenyewe, ile ya Marekani, iliingia humo mwishoni mwa Oktoba 1960. Louis Armstrong alifika Léopoldville, akabebwa juu ya kiti kama mfalme, na akapiga tarumbeta lake mbele ya maelfu ya watu. Safari ilidhaminiwa na serikali ya Marekani. Wakati huohuo Patrice Lumumba alikuwa amefungiwa katika nyumba yake mjini humo, askari wakiwa wamemzunguka. Mwezi uliofuata Armstrong alikwenda hata Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, katika Katanga iliyokuwa imejitenga. Filamu ya Johan Grimonprez ya mwaka wa 2024, Soundtrack to a Coup d'État, imeirudisha hadithi hiyo mbele ya macho ya dunia. Je, mtu aliyepiga makofi siku ile alikosea? Mimi sidhani. Shabiki alikuja kusikiliza tarumbeta, na mambo ya wakubwa aliyajua baadaye, kama sisi wote.

Wakati huo neno jazi lilikuwa limekwisha kuwa letu. Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka wa 1953. Franco na wenzake wakaanzisha OK Jazz mwaka wa 1956. Anayetafuta New Orleans katika disiki zao atatafuta sana, maana ndani yake kuna rumba, kuna Kuba, kuna gitaa za kwetu. Neno lenyewe lilimaanisha muziki wa mjini, wa watu wa kisasa, waliovaa suti na kupiga saksafoni. Jina hilo lilivuka Ziwa Tanganyika: Tanzania nao wakawa na Morogoro Jazz na Western Jazz, nao hawakupiga jazi ya Wamarekani.

Mpira haukuwa mbali. Franco alikuwa shabiki wa AS Vita Club, na Kinshasa nzima ilijua. Manu Dibango, Mkameruni aliyepiga saksafoni katika African Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitoa disiki mwaka wa 1972 kwa ajili ya Kombe la Afrika lililochezwa kwao Kameruni. Upande wa kwanza ulikuwa wimbo wa timu ya taifa. Upande wa pili, ule wa kujazia, ulikuwa Soul Makossa. Timu haikuchukua kombe, lakini upande wa kujazia ulizunguka dunia nzima.

Halafu ukaja mwaka wa 1974, na hapa wazee husogeza viti vyao karibu.

Mwezi wa Machi, huko Misri, Leopards walichukua Kombe la Afrika. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, tukashinda 2-0. Mabao yote manne yalikuwa ya Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na hadi leo hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika Kombe la Afrika moja. Mwezi wa Juni, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, tulilia: 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Dunia ilimcheka Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, alipotoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira kabla Wabrazil hawajapiga faulo yao. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba sheria alizijua vizuri sana. Walikuwa wamekasirika, fedha zao hawakuzipata.

Mobutu alitaka dunia isahau. Muhammad Ali na George Foreman waliahidiwa dola milioni 5 kila mmoja ili wapigane Kinshasa tarehe 25 Septemba, na kabla ya pambano kuwe na siku tatu za muziki. Tarehe 16 Septemba Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini. Pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Muziki haukungoja. Tarehe 22, 23 na 24 Septemba, kwenye uwanja huohuo, walipanda jukwaani James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All Stars, Miriam Makeba na Manu Dibango. Kwa upande wetu walikuwepo Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti Masikini na Stukas. Kijana wa miaka ishirini aliyekuwa na tiketi alisikia katika siku tatu bluzi, soul, salsa na rumba. Hata Paris au New York mtu hakupata bahati kama hiyo.

Wiki tano baadaye alirudi kutazama ngumi. Pambano lilianza kama saa kumi za usiku, maana televisheni za Marekani zilitaka saa inayowafaa wao. Foreman alikuwa na kijana na nguvu, lakini tangu aliposhuka kwenye ndege na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, watu walikumbuka mbwa wa polisi wa Kibelgiji, na mapenzi yote yakaenda kwa Ali. Ali aliegemea kamba, akaacha mwenzake ajichoshe, na katika raundi ya 8 akamwangusha. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ikanyesha.

Roki nayo? Wengi husema Kongo haikuwa na roki. Mimi ningewaambia wasikilize gitaa na ngoma za vijana wa Zaiko Langa Langa, kundi lililozaliwa Desemba 1969, ambalo liliacha saksafoni na tarumbeta za wakubwa na kuipeleka seben mbio. Wale walikuwa wanafunzi waliokua wakisikiliza redio na disiki za Poto. Ray Lema, aliyejifunza kinanda seminarini akicheza Bach, alipenda vilevile Jimi Hendrix. Na miaka mingi baadaye roki yenyewe ilitufuata: Konono N°1, wenye likembe zilizotiwa vipaza sauti vilivyotengenezwa kwa vyuma vya magari, walicheza katika albamu ya Björk ya mwaka wa 2007.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniuma. Pambano la ngumi lilirekodiwa kwa kamera nyingi, na filamu yake, When We Were Kings, ilitoka mwaka wa 1996 ikapata Oscar. Filamu ya muziki, Soul Power, ilitoka mwaka wa 2008, nayo iliwapa Wamarekani nafasi kubwa. Lakini sauti za wanamuziki wa Kiafrika wa siku zile tatu zilitoka kwenye albamu yao mwaka wa 2017. Miaka 43! Franco alikuwa amefariki tangu 1989, Abeti tangu 1994, Tabu Ley tangu 2013. Muda wote huo kanda zilikuwa kabatini kwa wageni, na kwetu muziki ule ulibaki katika vichwa vya watu waliokaa kwenye ngazi za uwanja. Ni wao waliojua nani alipiga nini, na watu walicheza namna gani.

Hesabu ni rahisi. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa amepita 70. Jukwaani karibu wote wamekwenda: Celia Cruz 2003, James Brown 2006, Makeba 2008, B.B. King 2015, Dibango na Withers 2020. Ulingoni Ali alifariki 2016, Foreman Machi 2025. Ndaye Mulamba alikimbilia Afrika Kusini baada ya kupigwa risasi mguuni, akaishi huko katika umaskini, akafariki Januari 2019. Mashahidi waliobaki ni mashabiki, na kwao hakuna anayekwenda na kinasa sauti.

Upande wetu wa Waswahili hali si tofauti. Mwenda wa Bayeke alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, akiimba Kiswahili na gitaa lake, na mwaka wa 1969 akapiga Marekani katika tamasha la Newport. Lubumbashi bado wako wazee waliomsikia, na walewale waliona Englebert, Mazembe ya sasa, ikichukua kombe la vilabu vya Afrika mwaka wa 1967 na 1968. Watoto wa leo wanajua fainali ya 2010 dhidi ya Inter Milan, maana iko kwenye simu. Ya 1967 iko kwa babu.

Tata Raphaël ilitengenezwa upya kwa ajili ya Michezo ya Frankofoni ya mwaka wa 2023, na kumbi mpya zikajengwa pembeni. Ni jambo zuri. Chumba kimoja cha kuweka kanda, picha, tiketi za zamani na sauti za waliokuwepo kingegharimu kidogo sana kuliko kumbi hizo.

Katika Kombe la Afrika lililochezwa Morocco, Desemba 2025 hadi Januari 2026, kamera zilimwona shabiki mmoja wa Kongo, anayejulikana kwa jina la Lumumba Vea. Wenzake walipiga ngoma na kucheza pembeni yake. Yeye alisimama bila kutikisika mechi nzima, mkono wa kulia juu, kama sanamu ya Lumumba iliyoko Limete. Baada ya Algeria kututoa kwa bao 1-0 katika dakika za nyongeza, mchezaji wao mmoja alimwiga kwa dhihaka, halafu akaomba msamaha. Jina hilo la Vea ni la klabu yake, Vita Club, ileile aliyoishabikia Franco.