Chuo cha Kurani na Simu ya Mkononi

Kipalapala, penye seminari ya Wakatoliki tangu 1925, ni jirani ya Tabora, mji ulioupokea Uislamu kwa njia ya misafara ya karne ya 19. Walimu waliokuja nayo walibeba Kurani kifuani. Mwanafunzi wa chuo alisoma mbele ya mwalimu na kusahihishwa matamshi. Aliyehitimu vema aliweza kupewa ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha, iliyomwunganisha na mnyororo wa walimu waliotangulia.

Leo simu ya mkononi husoma aya na kuirudia. Programu nyingine hata humsikiliza msomaji na kumwonyesha kosa. Wapo walimu watoao ijaza kwa njia ya intaneti. Maandiko ni yale yale. Kilichoguswa ni mamlaka. Kijana aweza kumfuata mhubiri wa mbali asiyemjua, akamwacha mwalimu wa mtaani. Kanda za mihadhara za miaka ya 1980 zilianza jambo hili, na simu imelizidisha.

Hapa pana jambo lituhusulo. Mwalimu wa mtaani huketi nasi msibani. Sauti ya simuni haina jirani. Basi tusimpime Mwislamu wa Tabora kwa hotuba iliyotoka mbali. Tumwendee mwalimu wake, tumwulize.

Tena tujihoji wenyewe. Mashine ya chapa iliyaeneza Matengenezo ya Kanisa, lakini Luther alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529 alitaka wakuu wa nyumba waifundishe kwa kinywa. Chombo hufikisha neno. Kulea ni kazi ya mtu.