Fuko ni jina moja, wanyama ni wawili



Tangu mauaji yaanze katika eneo la Beni mwezi wa kumi 2014, familia nyingi za Mbau na Oicha zimehamia upande wa Butembo na Lubero. Mtu aliyezoea kakao na michikichi anakodi kipande cha shamba kwenye baridi, anapanda maharagi na viazi vitamu. Huko anakuta tatizo ambalo kule chini halikumsumbua sana: asubuhi mmea umelala, ukiuvuta unakuja bila mizizi. Jirani anamwambia: "Huyo ni fuko. Weka dawa tu."

Neno hilo "fuko" ndilo linalotusumbua sisi maagronome, kwa sababu linabeba wanyama wawili. Kifaransa nacho hakisaidii. Shuleni tulifundishwa kusema "taupe", lakini taupe wa kweli ni wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Afrika hatuna.

Wa kwanza ni panya. Ni mnene, ana mkia mfupi, macho madogo yanaonekana, na meno yake ya mbele yana rangi ya machungwa, yako nje hata mdomo ukifungwa. Huyu njo mwizi. Anakata mizizi kwa chini, anavuta viazi na majani, anaweka akiba ndani ya shimo. Anasukuma udongo nje, kwa hiyo shambani munaona vichuguu vya udongo mpya, hapa kimoja, pale kingine.

Wa pili wengi wetu hatujawahi kumuona, maana ni mdogo, hafiki sentimita 15, na anatembea zaidi usiku chini ya udongo. Yeye si panya kabisa. Macho yake yamefunikwa na ngozi, masikio hayaonekani, mkia hauonekani. Puani ana ngozi ngumu ya kusukumia udongo, na mguu wa mbele una ukucha mmoja mkubwa kupita mingine. Ukimgeuza kwenye jua, manyoya yanang'aa. Ndiyo sababu wataalamu walimpa jina lenye maneno mawili ya Kigiriki, dhahabu na kijani: Chrysochloris. Jina lake la pili, stuhlmanni, ni la Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyefika Ruwenzori mwaka 1891 pamoja na Emin Pasha. Miaka mitatu baadaye Paul Matschie wa Berlin akaandika jina hilo. Kwa ukoo, mnyama huyu yuko karibu na tembo kuliko na panya! Tukilisema hilo kwenye mafunzo watu wanacheka, lakini ni kweli.

Sasa chakula chake: anakula minyoo, vibuu na wadudu wa udongoni. Kiazi chako hakigusi. Hatusemi ni malaika. Minyoo nayo ni rafiki wa shamba, na njia zake zinaweza kuinua miche michanga. Lakini hiyo ni kazi ya kukanyaga kidogo kwa mguu, si kazi ya sumu.

Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, tazama udongo. Ukiona vichuguu na mimea iliyokatwa mizizi, ni yule panya. Ukiona mstari wa udongo ulioinuka juu juu, kama mshipa wa mkono, na mimea ni mizima, mwache apite.

Dawa ya wadudu inayomwagwa ndani ya shimo ndiyo tunaikataa kabisa. Haichagui. Inaua yule anayekula vibuu, inabaki kwenye udongo unaotoa chakula chako, na mvua ikinyesha inaweza kufika kwenye chemchemi. Chambo cha sumu nacho, mbwa au kuku akikifukua, hasara ni yako. Na mtoto je?

Kwa panya, mtego wa wazee bado unafanya kazi vizuri. Fungua njia yake palipo na udongo mpya, weka kitanzi ndani, kifunge kwenye kijiti kilichopindwa. Panya hapendi shimo wazi. Atarudi kuliziba, na kijiti kitaruka. Kitanzi hakijui majina, kwa hiyo usikitege kwenye ule mstari ulioinuka. Vuneni pia viazi vilivyokomaa bila kuchelewa, maana shamba lililojaa viazi ni ghala lake.

Kwenye karatasi zetu tumeanza kuandika "fuko mla-mizizi" na "fuko mla-wadudu". Ni majina ya ofisini tu. Kama kwenu kuna wazee wanaotofautisha wanyama hawa wawili kwa Kinande au kwa lugha nyingine, waulizeni majina hayo na mumpe katibu wa koperative ayaandike. Tutayatumia katika mafunzo ya msimu ujao badala ya haya yetu.