AKILI NYINGI, UMEME KIDOGO: INAWEZEKANA?



Usiku umeme ukizimwa, kila mtu bwenini anatazama batri ya telefone yake. Basi nauliza: mashini yenye akili inakula umeme kiasi gani? Na tukiipunguzia chakula, itafanya kazi muzuri?

Kwanza tuelewe. Modeli ya akili ya mashini ni namba nyingi sana. Kila inapojibu, ordinatere inazidisha na kujumlisha hizo namba, na kila hesabu inakula umeme. Modeli GPT-3 ya Marekani, ya mwaka 2020, iko na namba miliari 175. Watafiti walikadiria kwamba kuifundisha tu kulikula megawati-saa 1287. Kiwanda cha umeme cha Nzilo, karibu na Kolwezi, kiko na nguvu ya megawati 108. Gawanya mwenyewe: ni Nzilo nzima kwa saa 12, bila kumpa mtu mwingine hata taa moja!

Lakini kuko njia ingine. Muhogo wetu wa bukari na sombe unashikwa na ugonjwa wa mosaiki: majani yanajikunja na kupata mabaka ya manjano. Kwa kutambua magonjwa ya namna hii kuko programu inaitwa Nuru. Modeli yake ni ndogo, inaingia ndani ya telefone, inafanya kazi shambani bila intaneti.

Modeli inapunguzwa namna gani? Unachagua yenye hesabu chache. Tena unafupisha namba, sawa mtu anayesema "mia tatu" pahali pa 299,87. Namba ya biti 32 ikiwekwa katika biti 8, inachukua robo tu ya nafasi.

Kupunguza kuko na bei yake. Katika uchunguzi uliotangazwa 2020, Nuru ilijibu sawa mara 65 kwa 100. Wakulima walipata 18 mpaka 31, na mabwana shamba 40 mpaka 58. Nuru iliwashinda, lakini 65 haitoshi. Mama akidanganywa, atang'oa muhogo muzima, ao atapanda vijiti vyenye ugonjwa, na mwaka ujao nyumba italala njaa.

Dawa haikuwa mashini kubwa zaidi. Walitazama majani 6 ya mmea mmoja, na majibu ya sawa yakapanda mpaka kati ya 74 na 88.

Njo fundisho lenyewe. Usiulize kwanza: modeli gani ni kubwa? Uliza: kazi ni gani, kosa litamuumiza nani, na umeme uko wapi? Mashini ndogo ikitazama mara nyingi inaweza kutosha. Lakini hata 88 si 100. Mbele ya kung'oa shamba, ita mtu anayejua muhogo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho