Ploti ni ya wote, mmoja amegoma kuuza: Sheria inasema hivi

Mlichanga mkanunua ploti pale Kathiani, mkajenga nyumba za kukodisha. Leo kuna mnunuzi ameleta doo ya maana. Watano wanataka kuuza, mmoja amekataa kata kata. Sasa?

Kwanza, cheki hati. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inatambua umiliki wa aina mbili. Kama hakuna mafungu, mmoja akiaga, waliobaki wanachukua. Kama kuna mafungu, akiaga, fungu lake linaenda kwa warithi wake.

Hapa ndio wengi huchomeka: watano hawawezi kumsainia wa sita. Kura nyingi haziuzi ploti nzima. Hata fungu lako pekee, ukitaka kumuuzia mtu wa nje, lazima wenzako wakubali kwa maandishi. Lakini nao hawaruhusiwi kukunyima bila sababu ya maana.

Mkikwama, mwenye fungu anaweza kumwomba msajili wa ardhi awagawanyie. Jengo haligawanyiki kama chapo? Ingia korti ya ardhi Machakos uombe amri ya kuuza, kila mtu apate chake.

Na kama ni shamba, msisahau idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, ambayo huombwa ndani ya miezi 6 baada ya mkataba. Bila hiyo, dili ni hewa.

Bado mnachanga? Andikeni mapema nani ana fungu gani, na siku ya kuuza itakuwaje. Kulipa wakili leo ni rahisi kuliko kusukuma kesi miaka na ndugu zako.