Kikaragosi: Maleba au Mhusika?

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, chukua soksi moja ya mtumba kutoka soko la Kibuye, Kisumu. Ishonee vifungo viwili viwe macho, kisha uivae mkononi. Umepata kikaragosi. Je, ukiulizwa katika karatasi ya fasihi, utasema kuwa ni maleba au ni mhusika?

Aghalabu watahiniwa hujibu kuwa ni maleba. Jibu hilo lina ukweli nusu. Maleba ni mavazi na vifaa maalum vinavyotumiwa katika utendaji. Kikaragosi kikiwa mkobani mwa fanani ni kifaa tu. Hata hivyo, kinapoinuliwa mbele ya hadhira na kutiwa sauti, hali hubadilika. Makala haya yananuia kufafanua badiliko hilo.

Tumtazame Kami. Mwaka wa 2002, kipindi cha watoto cha Takalani Sesame nchini Afrika Kusini kilimtambulisha msichana huyu wa miaka 5, yatima anayeishi na virusi vya UKIMWI. Baadaye alionekana katika Kilimani Sesame, kipindi cha Kiswahili nchini Tanzania. Mwaka wa 2003, UNICEF ilimteua kuwa mtetezi wa watoto. Ukimshika, Kami ni manyoya bandia ya rangi ya manjano. Mkono wa mchezeshaji ndio unaofumbua kinywa chake, naye mchezeshaji hujificha asionekane na kamera.

Mbona basi tumwite mhusika? Kwanza, ana historia: mama yake alifariki kutokana na UKIMWI. Pili, anakabiliwa na mgogoro: kuna watoto wanaokataa kucheza naye kwa sababu ya hali yake, naye huumia. Tatu, anamiliki vifaa vyake mwenyewe. Ana sanduku la kumbukumbu linalomkumbusha mama yake. Sanduku hilo ndilo maleba. Maleba hayamiliki maleba. Mhusika ndiye huyamiliki.

Sarufi nayo inatuunga mkono. Husema "kikaragosi kimechanika" tukirejelea kifaa, lakini "Kami amehuzunika" tukirejelea mhusika. Upatanisho ukihama kutoka KI-VI hadi A-WA, jua kwamba hadhira imekwisha kumkubali kuwa kiumbe.

Ifahamike pia kwamba hii si tashihisi. Katika tashihisi, upepo ukipiga mbinja hubaki kuwa upepo. Kami hawakilishi manyoya yanayozungumza, anawakilisha mtoto. Vilevile, usimchanganye na barakoa. Fanani akivaa barakoa, mwili wake ndio unaoigiza, kwa hivyo barakoa hubaki kuwa maleba.

Umuhimu wa haya unazidi alama za mtihani. Eneo la Ziwa Victoria limeathiriwa na UKIMWI kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mwanafunzi wa Kibuye akiigiza yatima wa aina hii mbele ya darasa, wenzake huenda wakaanza kunong'ona kuhusu jamaa yake. Kami hana ukoo Kisumu wala jirani wa kumsengenya. Anaweza kuyasema ambayo mtoto aliyeketi dawati la nyuma hathubutu kuyatamka, na mtoto huyo akayasikia bila mtu kumgeukia.

Mbinu hii si ngeni kwetu. Katika siwindhe, yaani nyumba ya bibi walimolala wasichana wa Kiluo, ajuza aliyeitwa pim aliwasimulia visa vya sungura na fisi. Aliwaonya bila kumtaja mtu. Hurafa ilimsitiri msikilizaji kama kikaragosi kinavyomsitiri leo. Ndiyo maana mwalimu anayekiita "maleba tu" huwanyima wanafunzi wake nafasi ya kuuliza: huyu anasema kwa niaba ya nani?

Zoezi

Mwanafunzi ameshika kikaragosi cha soksi kinachoigiza bibi mwenye mkongojo. Bibi anamkemea mjukuu aliyemtenga mwenzake mgonjwa.

(a) Tambua fanani, mhusika na maleba. (alama 3)
(b) Eleza sababu mbili za fanani kutumia kikaragosi badala ya kuigiza mwenyewe. (alama 4)

Mwelekezo: katika (a), mkongojo ni maleba. Mtahiniwa akitaja soksi, mwulize bibi yuko wapi.