Istilahi za Polisi: Cheo, Madaraka na Haki ya Raia

Miongoni mwa istilahi zinazotumika kila siku katika ofisi za Serikali, chache zina uzito kama zile za polisi. Mkulima wa Kahe, chini ya Mlima Kilimanjaro, anayepokea barua ya kuitwa kituoni hana kamusi mkononi. Ataelewa jambo lake kwa kadiri ya maneno aliyoandikiwa. Akiitwa shahidi ataitika kwa moyo mmoja. Akiitwa mtuhumiwa ataitika kwa moyo mwingine. Na akiandikwa mhalifu, amekwisha kuhukumiwa kabla hajasikilizwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya baadhi ya istilahi hizo, mpangilio wa chombo chenyewe, na mambo ambayo mfasiri hana budi kuyaangalia.

Askari na jeshi

Neno "askari" limetoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili linamhusu mpiganaji wa vitani na vilevile mlinzi wa amani. Utata huu una historia. Wakati wa utawala wa Wajerumani askari wa polisi na askari wa jeshi la koloni waliitwa kwa neno hilo moja, na vita vilipozuka mwaka 1914 wale wa polisi waliingizwa jeshini. Kahe yenyewe ilishuhudia vita hivyo: mwezi Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka stesheni ya reli ya mahali hapo, na Wajerumani wakarudi nyuma kuvuka Mto Ruvu.

Vita vilipokwisha, Waingereza waliunda chombo cha polisi cha Tanganyika kwa tangazo la tarehe 25 Agosti 1919. Makao makuu yake yalikuwa Lushoto, katika milima ya Usambara, na mwaka 1930 yalihamishiwa Dar es Salaam. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, Elangwa Shaidi alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Muungano wa mwaka 1964 uliifanya polisi kuwa jambo la Muungano, na ndiyo sababu Kamishna wa Polisi wa Zanzibar yumo katika safu moja na wenzake wa Bara.

Chombo hicho kinaitwa Jeshi la Polisi. Neno "jeshi" hapa halikutumiwa kwa bahati tu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 147, inapoeleza maana ya "mwanajeshi" inawataja pamoja askari wa Jeshi la Ulinzi, wa Polisi, wa Magereza na wa Kujenga Taifa, na kuwakataza kujiunga na chama cha siasa. Kwa hiyo polisi ni mwanajeshi kwa madhumuni ya ibara hiyo, ingawa kazi yake si vita. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, ilichagua neno "Huduma". Nchini kwetu, Tume ya Haki Jinai iliyotoa mapendekezo yake mwaka 2023 ilitaka Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya. Mjadala huo ni wa haki, lakini mfasiri asiukate kwa kalamu yake: jina la chombo hubadilishwa na sheria, wala si na tafsiri.

Cheo si madaraka

Vyeo vya polisi vinaanzia kwa konstebo, kisha koplo, sajini, stesheni sajini na sajini meja. Juu yao wako wakaguzi, halafu warakibu, halafu makamishna. Na juu ya wote yuko Inspekta Jenerali. Katika safu hii tunaona njia mbili za kuunda istilahi. "Konstebo" na "koplo" ni maneno ya kukopwa yaliyovishwa sauti za Kiswahili. "Mkaguzi" limezaliwa na kitenzi chetu "kagua", na "mrakibu" limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya mwangalizi. Msomaji ataona pia kwamba "mkaguzi" na "inspekta" ni neno moja kwa asili ya Kiingereza, lakini matumizi yameyatenganisha. Jambo hili lina faida yake. Tungesema "Mkaguzi Mkuu" kwa kiongozi wa polisi, tungemchanganya na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Cheo humfuata mtu; madaraka hufuata kiti. Mkuu wa Kituo, Mkuu wa Polisi wa Wilaya na Kamanda wa Polisi wa Mkoa ni majina ya madaraka, si ya vyeo. Lalamiko la mtu wa Kahe hupanda kutoka kituoni hadi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na kutoka hapo hadi kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Kilimanjaro aliyeko Moshi, mji ule ule wenye Shule ya Polisi. Barua iliyoandikwa "Kwa Mrakibu wa Polisi, Moshi" haina mwenyewe, kwa kuwa warakibu ni wengi na huhamishwa. Iandikwe kwa kiti, nayo itasomwa hata kama aliyekikalia amebadilika.

Maneno yanayolinda haki

Mtuhumiwa ni mtu anayedhaniwa kutenda kosa. Mshtakiwa ni yule aliyekwisha kusomewa mashtaka mahakamani. Mhalifu ni yule ambaye hatia yake imethibitika. Katiba, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Basi taarifa isemayo "wahalifu watano wamekamatwa" inakwenda kinyume na ibara hiyo kwa neno moja tu. Kadhalika, mtu hutoa maelezo mbele ya polisi, na hutoa ushahidi mbele ya mahakama. "Mahabusu" nalo humaanisha mtu na pia mahali. Tunashauri mahali paitwe "chumba cha mahabusu".

Hata neno "saa" linahitaji uangalifu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaweka muda wa saa 4 za msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, unaoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Tukiandika "ahojiwe hadi saa 4", msomaji ataelewa saa 4 asubuhi, na muda aliowekewa na sheria utakuwa umepotea. Iandikwe: "kwa muda usiozidi saa 4 tangu alipokamatwa".

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo kazi ya mfasiri imekuwa nzito zaidi, kwa maana neno lake sasa laweza kusomwa kama sheria yenyewe. Tunawasihi walimu, watumishi na wafasiri wapime kila istilahi ya polisi kwa swali moja: je, mtu wa Kahe akiisoma, atajua nani ana mamlaka juu yake, na mamlaka hayo yanakomea wapi?