Wakati Ujao wa Kiingereza na Kiambishi -takapo-: Tatizo la Mwanafunzi wa Kisii na Nyamira

Mwanafunzi wa Kisii au Nyamira hujifunza Kiingereza akiwa tayari na lugha mbili: Ekegusii, ambayo nyakati zake zilichambuliwa na W. H. Whiteley katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1960, na Kiswahili. Makala haya yanahusu athari ya Kiswahili katika jambo moja, yaani matumizi ya 'will' katika kishazi tegemezi cha wakati.

Katika sentensi "Mvua itakaponyesha, tutapanda wimbi", Kiswahili hudhihirisha wakati ujao mara mbili: kwa -taka- katika kishazi tegemezi na kwa -ta- katika kishazi kikuu. Kiingereza huudhihirisha mara moja tu, katika kishazi kikuu: "When it rains, we shall plant millet." Basi mwanafunzi aandikaye "When it will rain" hakosi kwa uvivu, anafuata kwa uaminifu kanuni ya lugha nyingine. Kumnyima alama pasipo kumweleza sababu ni kumfanya aitilie shaka akili yake.

Wala haifai kumwambia kwamba 'will' haitumiki kamwe baada ya 'when'. "I do not know when it will rain" ni sahihi, na Kiswahili chenyewe huonyesha tofauti hiyo: "Sijui mvua itanyesha lini." Penye lini, 'will' hubaki, penye -takapo-, huachwa. Isipokuwa -po- inaporejea jina lililotangulia, kama katika "siku itakaponyesha mvua", 'will' hubaki tena: "the day when it will rain".

Njia nyepesi ya kulifundisha jambo hili imo katika kiambishi -ki-. Katika "Mvua ikinyesha, tutapanda wimbi", -ki- haionyeshi wakati ujao. Huutegemea kutoka kwa kishazi kikuu, kama ifanyavyo 'rains'. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi hutambua kwamba kanuni ya Kiingereza si ngeni kwake. Lakini tahadhari yahitajika: -ki- huweza kuchukua maana ya 'when' na pia ya 'if', kwa hiyo tofauti ya maneno hayo haina budi kufundishwa peke yake.

Hivyo Kiswahili, kinacholaumiwa kwa kosa hili, ndicho pia chenye dawa yake.